Mkonge Ndani ya Vigae vya Cucu

Juma lililopita kijana wangu alipandisha mafundi juu ya nyumba ya Cucu, pale kwetu juu ya Othaya, waondoe vigae waweke mabati ya rangi. Mabati mekundu, yale yanayong'aa mpaka mtu wa ng'ambo ya bonde anafikiri kuna moto. Sikugombana naye. Nyumba ni yake sasa, na mbao za juu zilikuwa zimeanza kuoza. Nilivuta kiti uani, nikaketi na chai yangu kama mtu aliyealikwa harusini, nikawatazama wakishusha vigae kimoja kimoja.

Fundi mmoja akateleza mkono. Kigae kikaanguka juu ya jiwe la kufulia, kikapasuka. Mjukuu wangu, yule msichana wa darasa la tatu anayeuliza maswali kama karani wa chifu, akaokota kipande, akakichungulia pale kilipovunjika.

"Shosho, hiki kimeliwa na mchwa."

"Mchwa hali simiti."

"Basi mbona kina matundu?"

Nikakichukua, nikakigeuza kwenye mwanga. Kweli kilikuwa na matundu, membamba kama nywele, mengine yamelala, mengine yamepinda, yametapakaa kote ndani ya simiti. Nikacheka peke yangu mpaka mafundi wakanitazama kutoka juu. Wao hawakujua. Mimi nilijua kilichokuwa ndani ya matundu hayo, maana nilikiparua kwa mikono yangu mpaka mikono ikavimba. Kaa hapo, rafiki yangu, nikuambie.

Mimi nimekuwa nyanya nikiwa bado na meno yangu yote, na sioni aibu. Niliacha shule mapema, nikazaa mapema, na waliotoka kwangu wote wanasimama kwa miguu yao. Lakini miaka hiyo ya tisini ninayokuambia, nilikuwa msichana wa miguu myembamba niliyelelewa na Cucu, mamake mama yangu. Mama alifanya kazi Thika kwenye mashamba ya mananasi, akilala chumba kimoja na wanawake wenzake, akija nyumbani Krismasi na mkate na nguo ya kunibana. Aliyejua nikikohoa ni Cucu. Aliyejua nikidanganya ni Cucu. Nilikuwa nikilala mgongoni mwake, na mpaka leo nikisikia moshi wa kuni za muwati umechanganyika na mafuta ya kondoo, usingizi unanijia hata nikiwa nimesimama.

Cucu alikuwa msokotaji wa uzi. Wanawake wengi wa kwetu walisuka viondo, vile vikapu vya mkonge, lakini uzi wa Cucu ulijulikana mpaka soko la Kiriaini. Mkonge ulimea wenyewe kwenye ua wa shamba, majani makali kama mikuki. Tulikata majani, tukayaparua juu ya ubao kwa panga butu mpaka nyama ya kijani itoke na nyuzi nyeupe zibaki. Maji yake yanawasha, usinitajie. Unajikuna kiwiko, kiwiko kinaambia shingo, shingo inaambia mgongo. Nyuzi zikikauka, Cucu anaketi mlangoni, anapandisha rinda, anapaka paja majivu, anaanza kusokota kwa kiganja. Paja lake la kulia lilikuwa laini linang'aa kama mpini wa jembe la zamani. Akimaliza, anapitisha uzi kwenye mafuta ya kondoo kidogo ili ulainike. Ukiushika unafikiri ni kitu kilichozaliwa hivyo. Mkonge ambao haujasokotwa aliuita nywele za kichaa.

Shida yetu ilikuwa paa. Mabati yalikuwa yamewekwa na babu kabla sijazaliwa, yakala kutu mpaka ukiwa ndani mchana unaona nyota. Tuliziba kwa lami, tukaziba kwa sabuni, tukaziba kwa vitambaa. Mvua ikinyesha, kila tundu lilikuwa na sufuria yake, na Cucu alijua hata sufuria gani inajaa kwanza. Tulizoea. Mtu huzoea hata kiatu chenye msumari.

Krismasi moja mvua fupi ilikataa kwisha. Mjomba wangu, mwana wa kwanza wa Cucu, alikuja kutoka Nyahururu alikofanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Alikuwa mtu mkubwa wa mabega, mwenye kuongea polepole, na alimwita Cucu Maitu, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita mama zao hata wakiwa na mvi. Aliketi kwenye kigoda karibu na nguzo ya katikati, akapewa chai. Tone la maji likatoka juu, likaanguka ndani ya kikombe chake. Akasogea. Jingine likampata shingoni.

"Maitu, hii si nyumba. Ni chujio."

"Ndilo chujio lililokulea."

"Lilinilea likiwa jipya. Sasa unakohoa tangu Agosti. Mimi mabati siwezi, watoto wako shule. Lakini chumba ninacho." Akaweka kikombe chini. "Mvua ndefu ikianza nakuja na pikapu. Nikikuta hapa ndani panavuja, wewe unakuja kuishi kwangu. Huyu," akanionyesha kwa kidevu, "anaenda Thika kwa mamake."

"Mimi si kabati la kupakiwa kwenye pikapu."

"Kabati lingekuwa limeshaoza, Maitu."

Hakusema kwa ubaya. Hapo ndipo ubaya wake. Mtu akikupiga kwa hasira unajua atatulia, lakini mjomba alikuwa na huruma, na huruma haibembelezwi. Nilikwenda nyuma ya banda la mbuzi, nikakaa huko. Nilikuwa nimeona chumba cha mama Thika. Hakukuwa na mahali pa kuweka hata godoro langu. Na Cucu kuondoka kwenye shamba lake ilikuwa kama kung'oa mwiba wa ua na kuupanda kwenye lami ya barabara.

Sasa, Cucu alikuwa kwenye kikundi cha akina mama. Walikuwa wakilimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na mwaka huo walikuwa wamesikia kuna vigae vinavyotengenezwa kwa simiti, mchanga na mkonge. Vya bei ya chini, unajitengenezea mwenyewe nyumbani. Walikubaliana wajaribu, na nyumba ya kwanza iwe ya Cucu. Jirani yetu wa chini, mwanamke mwenye ulimi kama wembe, alisema wazi kwa nini. "Tuanze na inayovuja zaidi. Tukiharibu, hakuna atakayejua tofauti."

Mwezi wa pili fundi akaletwa kutoka Kagio. Alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyezoea joto la kule kwenye mpunga, na ukungu wetu wa asubuhi nusura umuue. Alivaa sweta mbili na kofia ya sufu. Alikuja na meza ndogo ya chuma iliyofungwa kwenye betri ya gari, na meza hiyo ukiiwasha inatetemeka mpaka meno yako yanagongana.

"Ati nani anatetemeka zaidi," jirani akauliza, "meza au fundi?"

"Meza ina betri, Mama," fundi akasema. "Mimi nangoja uji."

Wakampenda hapo hapo.

Alitufundisha akiwa amechuchumaa. Alikuwa amekuja na kijiti cha simiti tupu, kirefu kama kidole. Akampa jirani. "Kalia hiki." Jirani akakiweka kwenye kiti, akakikalia, na hakuwa mwepesi. Kijiti kikanyamaza. "Sasa kivunje." Akakivunja kwa vidole viwili kama biskuti. Kisha fundi akampa unyuzi mmoja wa mkonge. "Huu ukiukalia, unalala tu. Sasa uvute." Jirani akavuta mpaka ukamkata kidole.

"Simiti ni mzee mkali," fundi akasema. "Ukimwekea mzigo kichwani anabeba. Ukimvuta mkono anavunjika. Mkonge hauwezi kubeba kichwani, lakini ukivutwa haukubali. Kwa hivyo tunawaoza."

"Na mahari nani analipa?" mmoja akauliza, wakacheka mpaka kuku wakakimbia.

Akatuonyesha: mchanga wa mto uliochekechwa, simiti, maji kidogo, nyuzi zilizokatwa fupi kama kucha ya kidole gumba na kunyunyizwa ovyo. Unachanganya, unamwaga kwenye karatasi ya nailoni juu ya meza, meza inatetemeka, mchanganyiko unatulia na kusawazika. Halafu unavuta ile nailoni taratibu mpaka juu ya kalibu iliyopinda kama mgongo wa paka, na kigae kinalala hapo kikichukua umbo. Ni hapo mkonge unapofanya kazi, akasema. Kigae kibichi kikijikunja kinataka kupasuka, na nyuzi zinakishika. Kesho yake unakizamisha majini kikae humo siku kadhaa, maana simiti ikikaushwa haraka inakuwa kama ugali wa jana.

Alituachia meza, akaenda kufundisha kikundi kingine Kiriaini. Akasema atarudi kuona kazi.

Na hapa sasa ndipo wanawake wa kwetu walipofanya mambo yao.

Cucu alitazama lile rundo la nyuzi zilizokatwa fupi kama mtu anayetazama nywele kwenye mboga. "Hivi ndivyo wanavyofanya Kagio," akasema, "kwa sababu Kagio hawajui kusokota. Mimi niweke takataka kwenye paa langu? Mjomba wa huyu mtoto aje aangalie juu aone nywele za kichaa?" Nao wengine, wasukaji wote, wakaona maana. Kama unyuzi mmoja ulimkata jirani kidole, je, uzi uliosokotwa utakuwaje? Kila mtoto anajua uzi uliosokotwa una nguvu kuliko unyuzi mmoja. Uzi huo huo ulibeba viazi kutoka mtoni mpaka sokoni.

Wakaketi uani, mapaja nje, majivu kwenye kibuyu, wakasokota. Wakasokota ua mzima wa mkonge, wa kwetu na wa majirani, mpaka shamba likabaki kama limenyolewa. Sisi watoto tuliparua, tulianika, tulileta maji kutoka mtoni kupanda kile kilima kinachokuvuta kisogo. Saa sita tulikula viazi vitamu vilivyochomwa kwenye jivu, ngozi na yote. Uzi ukapitishwa kwenye mafuta ya kondoo ili uwe laini. Kisha kwenye kila kigae wakalaza nyuzi ndefu kutoka mwisho hadi mwisho, sambamba, zimepangwa kama nyuzi za kusukia kiondo. Vigae vile vilikuwa vizuri, nakwambia. Ukivitazama kwa pembeni unaona ncha za uzi zimejipanga kama meno ya mtoto. Wanawake walivizunguka wakiwa wameshika viuno. Nilikuwa na furaha. Nilishajiona nimelala mgongoni mwa Cucu, mvua inanyesha nje, na pikapu imerudi Nyahururu tupu.

Fundi akarudi. Alichukua kigae kimoja, akakining'iniza kwa kidole kwenye kipete cha waya tulichokipachika nyuma cha kukifungia kwenye mbao, akakigonga kwa ukucha. Kigae kizuri hulia ngiii, kama kengele ya shule ikiwa mbali. Hiki kilisema dab. Kama chungu chenye ufa. Akachukua kingine. Dab. Akakiweka juu ya mawe mawili, akakikanyaga polepole kwa kisigino. Kikapasuka kwa urefu, sawasawa na njia ya uzi, vipande vikabaki vimeshikana kwa kamba kama ndala iliyokatika. Akakiegemeza kingine ukutani, akamwaga maji juu. Maji yakaingia kwenye ncha ya uzi upande wa juu, na baada ya muda yakaanza kutoka upande wa chini. Tone. Tone. Tone. Ile ile sauti ya sufuria zetu.

"Nani ameweka kamba?" akauliza.

Wanawake wakaangalia miguu yao. Cucu akasimama.

"Mimi. Na si kamba, ni uzi. Uangalie vizuri. Hakuna mtu Kagio anaweza kusokota huo."

"Ni kweli, Mama. Sijaona uzi kama huu. Ndiyo shida."

Akamwomba avute ncha moja kwenye kipande kilichovunjika. Cucu akavuta. Uzi ukatoka wote, mzima, msafi, bila chembe ya simiti, kama mkia wa panya ukitoka shimoni. Fundi akasema simiti haikuushika kwa sababu ya mafuta, ulikuwa umeingia ndani kama mgeni na kukaa bila kuvua koti. Na ndani ya uzi uliosokotwa kuna njia, simiti haifiki humo, maji yanafika. Unyuzi mmoja mmoja, mfupi, mkavu, uliotupwa ovyo, simiti inaukumbatia pande zote. Nguvu haiko kwenye mkonge peke yake, akasema. Iko pale simiti na mkonge vinaposhikana.

Cucu alibaki ameushika ule uzi, anaupitisha kati ya vidole. Mimi niliangalia mlima. Asubuhi hizo ulikuwa umefunikwa na mawingu mpaka chini, na upepo ulikuwa umeanza kuja na baridi ya maji. Mvua ndefu ilikuwa njiani. Na kwenye ua hakukuwa na jani hata moja la mkonge la kukata. Tulikuwa tumeukata wote.

Jirani ndiye aliyesema kile ambacho wote walifikiri. "Basi tungoje mwaka ujao, mkonge umee."

"Mwaka ujao nitakuwa Nyahururu," Cucu akasema.

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba uzi wake wote, ile mipira aliyoisokota miaka na miaka, mingine imeshatiwa rangi, na juu yake kiondo ambacho hakijaisha, chenye mistari ya kahawia, alichokuwa akinisukia nibebee vitabu. Akaketi kwenye kigogo cha kupasulia kuni. Akanitazama.

"Vitabu utabeba kwa karatasi ya unga."

"Ndiyo, Cucu."

"Na usinililie."

Sikulia. Alikata kile kiondo kwa panga, tak tak tak, kama mtu anayekata sukuma wiki ya jioni. Hakuangalia pembeni. Wanawake walisimama wakimtazama, kisha mmoja akaenda kwake mbio, akarudi na uzi wake. Na mwingine. Jirani wa ulimi wa wembe alikuja wa mwisho, amebeba kamba ya kufungia mbuzi, mbuzi akimfuata nyuma akiwa huru.

Tulizongoa, tukafumua, tukachambua kila uzi mpaka ukawa nyuzi tena. Tulichemsha maji ya majivu kwenye pipa, tukazifua kuondoa mafuta. Povu lilinuka kondoo, mbwa wa kijiji kizima wakaja kuketi wakitungoja. Tulizianika, tukazikatakata. Vile vigae vya kwanza tulivipasua kwa nyundo, vikawa kokoto za njia ya chooni. Tukaanza upya. Fundi alibaki nasi mara hii, akilala kwa mwenyekiti wa kikundi na kunywa uji wetu wa wimbi kama mtu anayejaza tangi. Cucu ndiye aliyenyunyiza nyuzi, yeye mwenyewe, hakumpa mtu. Mwanzoni mkono wake ulikuwa ukitaka kuzipanga. Niliuona. Unatupa, halafu vidole vinataka kunyoosha. Fundi anamwambia, "Ovyo, Mama, ovyo," naye anasaga meno na kutupa ovyo.

Kigae cha kwanza kilipotoka majini na kukauka, fundi alimpa Cucu akigonge mwenyewe. Akakigonga. Ngiii. Aligonga tena. Hakucheka, lakini alivigonga vigae vyote siku hiyo, hata vile vilivyokuwa vimeshagongwa.

Siku ya kupandisha paa kikundi kizima kilikuja. Wanawake walibeba vigae mgongoni, mkanda wa ngozi kwenye paji la uso, kama wanavyobeba kuni. Wanaume wawili walikuwa juu wakifunga waya kwenye mbao. Mabati ya babu yaliposhushwa yalisagika mikononi kama majani makavu. Kabla ya kuondoka, fundi alimwita Cucu pembeni, nami nikiwa nimeshika rinda lake.

"Mvua ya kwanza, Mama, usishtuke. Kwa chini kigae kitaloa, utaona kimekuwa cheusi. Kitatoa jasho. Lakini hakitadondosha."

"Na kikidondosha?"

"Hakitadondosha."

Akavaa sweta zake akaenda Kagio.

Mvua ilikuja pamoja na mjomba. Si utani. Pikapu ya kuazima iliingia uani na matone ya kwanza, makubwa, yale yanayotoboa vumbi. Mjomba akakimbilia ndani akitikisa kofia. Alikuwa hajaambiwa chochote. Alitazama juu. Akatazama kila pembe. Kisha, na hili sitalisahau, akachukua kigoda, akakiweka mahali pale pale karibu na nguzo ya katikati alipodondokewa Krismasi, akaketi, akashika magoti yake.

Cucu akampa chai, akaendelea kugeuza githeri kwenye mafiga pembeni mwa chumba kana kwamba hakuna mtu.

Mvua ikazidi. Nilijua imezidi kwa sababu niliona uani kumekuwa mto. Lakini ndani, wewe. Mtu aliyekulia chini ya mabati hajui mvua inaweza kuwa kimya. Mabati yanapiga kelele mpaka mnazungumza kwa mikono. Hii ilikuwa kama mtu anapepeta unga chumba cha pili.

Kisha nikaona doa. Kwenye kigae kilichokuwa juu ya kichwa cha mjomba, doa jeusi, dogo kama sarafu. Likakua likawa kama sahani. Kingine kando yake nacho kikawa cheusi. Nikamtazama Cucu. Mwiko wake ulikuwa umesimama kwenye sufuria. Alikuwa ameona. Sote wawili tukatazama bila kutazama, na mjomba katikati yetu na chai yake, hajui kwamba pikapu yake na Nyahururu na Thika vyote vinaning'inia juu ya utosi wake. Doa likang'aa. Jasho likakusanyika pale chini ya mkunjo wa kigae, likavimba kidogo. Nilisema moyoni, ovyo, Mama, ovyo, kama sala, maana sikujua sala nyingine ya vigae.

Halikuanguka. Lilikaa hapo limeshikilia. Mvua ikanyesha, ikachoka, na lile tone likarudi ndani ya kigae kama mtu aliyesahau alichofuata.

Mjomba akainua kichwa. "Maitu, mbona siisikii mvua?"

"Toka nje uitafute," Cucu akasema, na mwiko ukaanza kuzunguka tena.

Akatoka. Kweli akatoka, akasimama kwenye mvua mikono kiunoni akitazama paa, akarudi amelowa mpaka mifupa, akicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka namna ile. Nadhani hata yeye alikuwa amebeba mzigo, kumhamisha mamake hakukuwa jambo alilolipenda. Alikula githeri sahani mbili, akalala kwenye kiti. Siku iliyofuata pikapu ilirudi Nyahururu na ndizi na kabichi za Cucu, na mimi nikaenda shule nimebeba vitabu kwenye karatasi ya unga, nikiipeperusha kila mtu aione.

Cucu aliishi chini ya vigae hivyo mpaka mwisho wake, na kikohozi kilimwacha. Nilitoka chini ya vigae hivyo nikaolewa, nikarudi na watoto, wakalala mgongoni mwake nao.

Sasa kwetu ua ni wa waya. Mkonge umebaki mmoja mmoja kando ya barabara, na wasichana wanaosuka wanasukia nailoni, uzi unatoka dukani ukiwa umeshasokotwa. Sijaona paja linalong'aa siku nyingi. Jirani wa ulimi wa wembe alitutangulia, mjomba naye alitutangulia. Kikundi kimebaki jina tu.

Nilimuuliza fundi wa mabati, kijana aliyesomea mambo hayo, kuhusu matundu. Akaniambia simiti hula mkonge polepole, baada ya miaka haubaki. Lakini si neno, akasema, maana kufikia hapo kigae kimeshakomaa, kinajisimamia. Mkonge kazi yake ni kukishika kikiwa kichanga, kisipasuke. Alisema hivyo huku akipima mbao, akaendelea na kazi yake. Mimi nilibaki na kipande changu mkononi, na chai ikapoa.

Jioni nikamwita kijana wangu. Nikamwambia nyumba kubwa aiweke mabati anayotaka, hata ya zambarau. Vigae vizima vipandishwe juu ya kijumba changu cha jiko. Alitaka kubishana, akaona uso wangu, akaenda kumwambia fundi.

Jana mvua ilinyesha. Wao kule nyumba kubwa, chini ya mabati, walikuwa wakipigiana kelele kama watu wa pande mbili za mto. Mjukuu wangu akakimbilia jikoni kwangu, akaketi, akatega sikio, akaanza kunong'ona bila kuambiwa. Alikuwa amebeba kile kipande, na alikuwa anajaribu kuingiza unyasi wa ufagio kwenye tundu moja.

"Usizibe," nikamwambia. "Hapo ni mahali pa Cucu wangu."

Akautoa ule unyasi taratibu, akapuliza vumbi, akanirudishia.